Kutoka Msowero: Timu Haisimami kwa Mguu Mmoja

Juma hili naweka kando habari za mvua na mashamba, nizungumze nanyi juu ya mchezo wa wasichana. Ninyi akina baba msigeuze ukurasa upesi, maana habari hii yawahusu kuliko mnavyodhani.

Mbele ya ofisi ninamoandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa pana uwanja mdogo wenye nguzo mbili za miti. Kila jioni, jua likishapoa, wasichana huja kucheza netiboli. Miongoni mwao yupo mmoja aliyemaliza kidato cha nne, naye amepata nafasi ya kwenda kusomea ualimu. Ni mrefu, akisimama na wenzake, kichwa chake chapita vichwa vyao vyote. Lakini hachezi. Kazi yake ni kushika kanga na kandambili za wenzake. Tena akisimama huinamisha mabega kama mtu apitaye katika mlango mfupi, ingawa yupo uwanjani na juu yake hakuna dari.

Baba yake alikuja ofisini kutaka nakala ya cheti cha binti huyo.

“Shikamoo, mzee,” nilimsalimu.

“Marahaba, mwanangu.” Akaketi, akaegemeza fimbo yake ukutani. “Karani, wewe umepita chuo cha ualimu. Nasikia walimu wa michezo wakimwona msichana mrefu hawamwachi. Mimi nampeleka binti yangu akasome, si akarukeruke. Tena urefu ule umekwisha kumletea maneno ya kutosha. Watoto humwita mnazi, na mama yake auliza kila siku, nani atamwoa. Kuna faida gani kumsimamisha uwanjani watu wamtazame?”

Sikumjibu siku ile. Nilimwandikia cheti chake, akaenda zake. Jibu langu ni hili la leo, na wengine wenye mabinti kama wake msikilize pamoja naye.

Nianze na kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Katika chuo nilichosomea, ambacho jina lake halina haja hapa, tulikuwa na timu ya netiboli ya wanawake, nami nilikuwa mwandishi wa magoli. Tulikuwa na mfungaji mmoja mrefu sana. Kila mpira ulirushwa kwake, naye akafunga, nasi tukashinda na kushangilia. Ikafika siku ya mchezo uliokuwa na maana kuliko yote. Katika robo ya pili yule dada aliruka, akashukia mguu wa mwenziwe, kifundo kikateguka. Tuliyemwingiza badala yake alikuwa hajafanya mazoezi hata siku moja pamoja na wale wa kumpelekea mpira. Wenzake waliendelea kurusha mipira ya juu, naye hakuifikia. Tulifungwa, tena tulifungwa vibaya. Njiani, ndani ya gari, kila mtu alilaumu kile kifundo cha mguu.

Ndugu msomaji, kifundo hakikuwa na kosa lo lote. Tuliandika majina 12 katika karatasi, lakini 5 kati yake yalikuwa majina matupu. Tulikuwa na msichana mrefu mmoja, tukadhani tuna timu.

Kwa wale wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Kila upande una wachezaji 7. Katika hao 7, wawili tu ndio wanaoruhusiwa kufunga: mwenye herufi GS kifuani, ambaye ni mfungaji mkuu, na mwenye GA, ambaye humsaidia. Nao hawafungi wakiwa mahali popote. Hawana budi kuwa ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, yenye mita 4.9 kutoka golini hadi mstari wake. Pete yenyewe iko juu mita 3.05, yaani futi 10, wala haina ubao nyuma yake kama ule wa mpira wa kikapu. Mchezaji akiudaka mpira hukaa nao sekunde 3 tu, wala hakimbii nao. Mlinzi naye, kabla ya kuinua mikono amzuie mfungaji, sharti asimame mbali naye futi 3. Mchezo una robo 4, na kila robo ni dakika 15.

Sasa mtaona kwa nini urefu una thamani. Mlinzi aliyesimama mbali futi 3 hawezi kuufikia mpira ulio juu ya kichwa cha msichana mrefu. Tena wenzake wanaweza kuurusha mpira juu kabisa, upite mikono yote, uanguke mahali ambapo yeye peke yake aweza kufika.

Lakini urefu peke yake hautoshi, nami nitawapa mfano wa nyumbani. Chukua ungo, uutazame kutoka juu: ni duara pana. Sasa uinue mpaka ukingo wake uwe sawa na macho yako: waona mstari tu. Ndivyo mpira unavyoiona pete. Upana wa pete ni sentimeta 38, na upana wa mpira ni kama sentimeta 22. Kwa hiyo mpira ukishuka katikati kutoka juu, hubaki nafasi ya sentimeta 8 kila upande. Hiyo si haba. Lakini ukitupwa bapa, nafasi hiyo hupungua mpaka mpira hugonga chuma na kurudi. Msichana mfupi hujifunza mapema kuurusha juu, maana hana njia nyingine. Msichana mrefu, kwa kuwa pete iko karibu naye, huwa mvivu, akautupa bapa. Basi mrefu asiyefundishwa hushindwa na mfupi aliyefundishwa, na watu husema urefu wake ni bure. Urefu si bure. Mafundisho ndiyo yaliyokosekana.

Tena mfungaji hajipi mpira mwenyewe. Yupo senta, na yupo yule wa pembeni mwenye WA, ambao kazi yao ni kumtazama mfungaji wao na kuupeleka mpira mahali pake kwa wakati wake, ndani ya zile sekunde 3. Wakirusha chini, urefu wa mwenzao haufai kitu. Ukitaka kujua mbele ya timu kutakuwaje mwakani, usitazame mfungaji peke yake. Tazama mikono ya wanaomlisha.

Haya, tufike kwenye hesabu ya kikosi. Timu huruhusiwa kuandika wachezaji 12 kwa mchezo mmoja. Mimi nawagawanya hivi: 4 wa kufunga, 4 wa katikati, na 4 wa kulinda goli. Uwanjani wataingia wafungaji 2, wa katikati 3 na walinzi 2. Wa akiba watabaki 5, na kila mmoja ajue kazi mbili. Mwenye GA aweze kucheza pembeni kama WA. Mlinzi wa pembeni aweze kurudi nyuma kulinda goli. Kati ya wafungaji 4, si vema wote wawe wa namna moja. Mmoja asimame imara karibu na nguzo, ashike nafasi yake kwa mwili na kungojea mpira wa juu. Mwingine awe mwepesi wa miguu, aingie na kutoka, awachoshe walinzi. Siku mrefu akiumia, timu iwe na njia ya pili iliyokwisha kuzoewa, wala si kuanza kuitafuta wakati filimbi imekwisha kulia.

Na msichana mrefu wa pili mfanye mlinzi. Kila jioni atasimama mbele ya yule wa kwanza na kumzuia, hata yule mfungaji azoee kufunga mbele ya mikono mirefu. Naye mlinzi atajifunza njia zote za mfungaji, hata siku ya haja aweze kushika nafasi yake.

Katika vyuo vyetu jambo hili lina uzito kuliko katika timu za mjini, kwa sababu mwanafunzi ni mgeni. Hukaa miaka 2 au 3, kisha huenda kufundisha. Hata akiwa bado chuoni, hufika majuma ya mazoezi ya kufundisha, wakatawanyika katika shule mbalimbali, na uwanja ukabaki mtupu. Mwalimu wa michezo anayewachezesha wa mwaka wa mwisho peke yao anakula mbegu. Sisi watu wa Msowero twaelewa neno hilo. Ukifuata barabara ya Kilosa, ukapita Rudewa, utafika Ilonga, penye kituo cha utafiti wa kilimo na penye Chuo cha Ualimu. Kule kwenye kilimo watakwambia kwamba mkulima huanza kufikiri juu ya mbegu ya mwakani wakati mahindi ya mwaka huu yangali shambani. Na katika chuo cha ualimu mambo ni yale yale: msichana mrefu wa mwaka wa kwanza aingizwe uwanjani mwaka huu, hata kama ataangusha mipira, ili mwakani asiwe mgeni.

Pengine utauliza, je, iko timu iliyofanya hivi ikafanikiwa? Iko, tena mfano wake watoka kwa jirani zetu wa Uganda.

Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Loughborough, yapo makao ya timu ya netiboli iitwayo Loughborough Lightning, ambayo hucheza katika ligi kubwa ya nchi ile. Timu hiyo ilimchukua Peace Proscovia wa Uganda, mfungaji mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.9. Alicheza pale misimu kadhaa, kisha mwaka 2019 akachezea Sunshine Coast Lightning huko Australia. Timu nyingi zikiondokewa na mtu wa namna ile huanguka. Loughborough haikuanguka, kwa kuwa ilimpata Mganda mwingine, Mary Nuba Cholhok, ambaye urefu wake ni kama mita 2. Timu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka 2021, na ikautwaa tena mwaka 2023, naye akiwa chini ya goli. Alipoondoka wa kwanza, nafasi yake haikubaki wazi.

Itazameni na timu ya taifa ya Uganda yenyewe, She Cranes. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2015 mjini Sydney ilikuwa ya 14. Mwaka 2017 ilikuwa bingwa wa Afrika, mashindano yakifanyika kwao Kampala. Mwaka 2019 mjini Liverpool, Peace na Mary wakiwa wote katika kikosi kimoja, ilikuwa ya 7. Mwaka 2023 mjini Cape Town ilikuwa ya 5. Kutoka ya 14 hadi ya 5 kwa miaka 8! Wala msidhani ni kazi ya wasichana wawili warefu. Nyuma yao walikuwapo wa kuwalisha mipira, walikuwapo walinzi, na vilikuwapo vilabu na shule zilizowalea wote hao.

Hapa kwetu twamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Yeye ni mwanamume, na mchezo wake ni wa kikapu, lakini habari yake yatufaa. Alianza mchezo akiwa kijana mkubwa, kisha akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani, na mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule. Urefu wake wapata mita 2.2. Yeye alionekana kwa sababu alikuwa mjini, penye uwanja na penye jicho la kumtambua. Je, katika vijiji vyetu, kutoka hapa mpaka Mikumi, ni wangapi walioshika kandambili za wenzao mpaka wakazeeka?

Sasa nakujibu wewe, mzee wangu.

Umesema wampeleka akasome. Vema, naye akasome. Simwahidi Uingereza wala Australia. Mwenye kuahidi hivyo ni mwongo. Lakini fahamu ya kuwa mchezo huu wenyewe ulilelewa katika chuo cha walimu wa kike. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwezi wa Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield huko Marekani. Miaka michache baadaye ukafika Uingereza, katika chuo cha Bibi Martina Bergman-Österberg, ambako wasichana walisomea kufundisha mazoezi ya mwili. Wao ndio walioubadili ukaanza kuwa netiboli, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 1901. Wakamaliza masomo, wakaenda kufundisha shule hii na shule ile, na kila walikokwenda nguzo mbili zikasimamishwa. Mchezo umesambaa ulimwenguni kwa mikono ya walimu.

Binti yako atakuwa mwalimu. Shule zetu za msingi zina mashindano yao ya UMITASHUMTA, na za sekondari zina UMISSETA. Ni nani atakayewafundisha watoto wale kuurusha mpira juu ushuke ndani ya pete? Ni nani atakayemwona mtoto wa darasa la nne aliyeanza kuinamisha mabega, akamwambia, simama wima, mwanangu, ninakuhitaji? Mwalimu aliyecheza ndiye ajuaye. Huko ndiko kunakotoka wachezaji wa akiba wa nchi nzima. Benchi la timu ya taifa huanzia katika uwanja wa shule kama hii yetu.

Umesema watu watamtazama. Mzee, wanamtazama hata sasa, nao wanamcheka. Uwanjani watamtazama na kumhitaji. Mtu anayehitajiwa na wenzake 6 hapati nafasi ya kujificha, na baada ya muda hasikii tena haja ya kujificha.

Hata hivyo hofu yako si upuuzi, wala mimi siidharau. Mzazi ana haki ya kuuliza: timu ikisafiri, ni mwalimu gani wa kike anayekwenda nao? Wanalala wapi? Akiumia, nani atamtibu? Mitihani ikigongana na mashindano, lipi latangulia? Chuo chema kitakujibu bila kukasirika. Kisichoweza kujibu, mwambie binti yako angoje. Swali la mzazi haliharibu timu. Laijenga, maana wazazi wakiamini, wasichana 12 hupatikana, na wakiogopa, hubaki 7 tu na majina matupu.

Na kuhusu ndoa, mimi ni karani. Daftari la ndoa liko mezani kwangu. Nimeandika ndani yake wafupi na warefu, wanene na wembamba. Sijaona safu ya kuandikia futi na inchi.

Nawe mwalimu wa michezo unayesoma ukurasa huu, ukitaka kujua hali ya timu yako mwakani, jiulize mambo manne usiku huu. Kwanza, nina wangapi wanaoweza kufunga, nikimwondoa yule ninayemtegemea? Pili, katika wa mwaka wa kwanza, nimewaona warefu, au nangoja wajilete wenyewe? Tatu, wanaowapelekea mpira wamezoea wafungaji wangapi? Na nne, je, nguzo zangu zina urefu wa haki? Maana anayejifunza katika pete fupi hujifunza kosa, na siku ya mashindano mkono wake utamsaliti. Ukiyajibu manne haya bila kujidanganya, utakuwa umekwisha kuitazama timu yako ya mwakani.

Barua hii nilimsomea yule mzee kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo. Kisha akauliza jambo moja tu.

“Umesema pete ni futi 10?”

“Ndiyo, mzee.”

Akatoka nje, akaenda kwenye nguzo yetu, akaipima kwa fimbo yake mara moja, mara mbili, mara tatu. “Hii haifiki hata 9,” akasema. “Mnawadanganya watoto.”

Kesho yake jioni alirudi na miti miwili ya mkaratusi, iliyonyoka vema, amesaidiwa na wanawe. Binti alikuwa nyuma yao akichukua jembe. Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakashindilia udongo. Ilipofika zamu ya kufunga pete hapakuwa na ngazi. Ikatolewa meza ya ofisi yangu. Wenzake walipanda mmoja mmoja, hawakufika. Akapanda yeye, akaifunga. Muda wote ule alisimama wima.

Kama atacheza huko aendako, ni juu yake na baba yake. Ila nguzo zetu sasa ni za haki, na jioni ya leo zile kandambili zilikuwa chini ya mwembe, hazina mtu wa kuzishika.

Kwa herini, wasomaji wapenzi, mpaka juma lijalo.

Wenu,
Karani, Msowero